Skyrim kwenye laptopu ya kawaida: jinsi ya kufaidi uzuri wake na kukwepa ubovu wake

Gemu ya Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Iliundwa na Bethesda Game Studios chini ya uongozi wa Todd Howard, na ni ya tano katika mfululizo wa The Elder Scrolls, ingawa huhitaji kuzijua zile nne zilizotangulia. Uzuri wake mkubwa ni mmoja: nchi yenyewe. Milima, misitu, mapango na magofu yamepangwa kwa namna ambayo ukiondoka mjini bila mpango wowote, lazima ukutane na kitu. Ubovu wake mkubwa nao ni mmoja: hesabu zake za nguvu zinavunjika kirahisi mno, na ukishazivunja hakuna tena adui wa kumwogopa. Asiyeyajua haya mawili hufika levo ya 30 akiwa anaua kila kitu kwa pigo moja, anachoka, anafuta gemu na kusema imezidi kusifiwa. Kosa si lake peke yake, maana gemu haimwonyi.

Maelekezo haya ni kwa mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songea mwenye laptopu ya mtumba, bando la kuhesabu na umeme usiotabirika.

Toleo gani, mashine gani

Kwenye kompyuta matoleo ya kuangalia ni matatu. La 2011 linataka prosesa ya viini viwili yenye 2.0 GHz, RAM ya GB 2, nafasi ya GB 6 kwenye diski na kadi ya picha yenye MB 512. Special Edition, lililotoka tarehe 28 Oktoba 2016, linataka Windows ya biti 64, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12. Anniversary Edition la 2021 ni hilohilo Special Edition likiwa limeongezewa silaha, nyumba na misheni za ziada.

Ukiwa na RAM ya GB 8, chukua Special Edition, na sababu kubwa si picha. Toleo la 2011 ni la biti 32, kwa hiyo haliwezi kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu hata kama mashine yako ina 16. Zikijaa, gemu inajifunga ghafla bila ujumbe wowote na unabaki unatazama desktopu. Special Edition halina ukuta huo, na linakuja na nyongeza zote tatu ndani yake: Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn. Mwenye GB 4 abaki na la 2011, litamtosha.

Laptopu nyingi za ofisini zinazouzwa mitumba hazina kadi ya picha ya peke yake, zinatumia Intel HD iliyo ndani ya prosesa. Kwa karatasi hazifikii kiwango kilichotajwa na watengenezaji, lakini HD 520 au 620 inaichezesha Special Edition ukikubali kushusha ubora. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: Intel HD haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa RAM ya kompyuta. Vipande viwili vya GB 4 vinapitisha data kwa njia mbili, kipande kimoja cha GB 8 kwa njia moja. Kiasi ni kilekile, ila viwili vinaipa picha mwendo mzuri zaidi. Kabla hujatoa hela, fungua mfuniko wa chini uone kama kuna nafasi ya pili ya RAM.

Cheza ukiwa umechomeka chaja, kwa sababu mashine ikitumia betri hujipunguzia nguvu na picha zinaanza kukatika. Na usiku wa Juni au Julai, baridi ikiwa kali Uyole au Makete, usicheze kitandani laptopu ikiwa juu ya blanketi. Matundu ya kuvuta hewa yako chini. Blanketi likiyaziba, prosesa inapata moto na kujishusha mwendo hata kama chumba ni cha baridi. Weka ubao au kitabu kigumu chini yake. Vumbi la kiangazi nalo hujaa kwenye feni, kwa hiyo isafishe walau mara moja kwa mwaka.

Kuhusu kupakua: GB 12 kwa mwendo wa MB 1 kwa sekunde ni kama saa tatu na dakika ishirini, na kwa robo ya mwendo huo ni zaidi ya saa kumi na tatu. Steam, duka la gemu la mtandaoni, inakubali kusimamishwa na kuendelea pale ilipoishia, kwa hiyo pakua kwa vipande usiku. Mkiwa wawili au watatu hosteli moja, mfano Iyunga au Mkwawa, na kila mmoja ameinunua, mmoja apakue kwa intaneti na wengine wavute faili kutoka kwake kupitia ruta, bila kugusa bando. Kitu hicho kiko ndani ya Settings za Steam, sehemu ya Downloads, kwenye uhamishaji wa faili kwa mtandao wa ndani. Ukishaingia mara moja na gemu ikafunguka, chagua Go Offline, nayo itacheza bila intaneti.

Kopi za kupewa kwenye flashi zina shida mbili. Ya kwanza ni virusi. Ya pili ni kwamba namba ya toleo haijulikani, na baadaye ukitaka kuweka marekebisho yatakataa kufanya kazi.

Kushusha picha bila kuiua nchi

Mara ya kwanza gemu itapima mashine na kukuchagulia kiwango. Chagua Low, kisha weka ukubwa wa 1280 kwa 720. Baada ya hapo funga, nenda Documents, My Games, Skyrim Special Edition, ufungue faili la SkyrimPrefs.ini kwa Notepad. Litolee nakala kwanza.

Kinachokula nguvu kuliko vyote ni vivuli. Tafuta iShadowMapResolution uweke 1024, au 512 ikibidi. fShadowDistance iweke 2000, ili vivuli vichorwe karibu na wewe tu. bVolumetricLightingEnable iweke 0, ambayo inazima miale ya jua inayopita kwenye miti. Ni mizuri, lakini Intel HD haiiwezi. Usipunguze umbali wa kuona milima na miti kupita kiasi, kwa sababu hapo unakata kile hasa ulichokifuata. Heri kivuli chenye kona kona kuliko mlima unaochomoza ghafla ukiwa hatua hamsini.

Kinyume chake, mwenye mashine kubwa asiiache gemu ikimbie zaidi ya fremu 60 kwa sekunde. Mwendo wa vitu vinavyoanguka na kugongana umefungwa kwenye idadi ya fremu. Ikizidi, unaingia nyumbani kwa mtu na kukuta sahani, vikombe na mikate vinaruka mezani vyenyewe, na wakati mwingine vinakuumiza. Acha iVSyncPresentInterval ikiwa 1.

Sevu: hapa usifanye uvivu

Skyrim ina kasoro nyingi za ndani. Misheni inakwama, mtu muhimu anagoma kuongea, unanasa kati ya mawe mawili. Ukiongeza na umeme kukatika ukiwa na betri iliyokufa, sevu moja haitoshi.

F5 inasevu haraka na F9 inarudisha, lakini F5 inaandika juu ya ileile ya mwanzo. Umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, huenda ukapoteza sevu hiyo yote. Kwa hiyo F5 itumie ndani ya pango, kabla ya mlango au kabla ya pambano. Kila unapofika mjini, fungua menyu kwa Esc na uweke sevu mpya yenye nafasi yake. Usiandike juu ya ya zamani mpaka ziwe zimefika ishirini hivi, ndipo ufute za mwanzo. Kwenye Settings washa sevu za kujiendesha zote: unaposafiri, unapolala, unaposubiri. Gemu itazungusha mafaili yake yenyewe.

Mara moja kwa wiki nakili folda ya Saves kwenye flashi. Iko palepale ilipo SkyrimPrefs.ini.

Kuna mahali ambapo sevu ya kudumu ni lazima. Misheni ya mauaji ya mji wa Windhelm, iitwayo Blood on the Ice, inajulikana kwa kukwama katikati. Weka sevu yenye nafasi yake kabla hujaanza kuzungumza na askari pale makaburini, kisha uimalize yote kabla ya kwenda kwingine. Ukinasa kwenye jiwe, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, andika tcl, piga Enter, toka, halafu rudia tcl ili kuta zirudi kuwa kuta. Amri ya setstage, ambayo inasukuma misheni mbele kwa nguvu, iwe ya mwisho kabisa, maana inaruka hatua ambazo misheni nyingine huzitegemea.

Kuanza: kabila, mawe na nyota za kwanza

Utachagua kati ya makabila kumi. Tofauti yao kwenye ujuzi ni ndogo: ujuzi mmoja unaanza ukiwa juu kwa pointi 10 na mitano kwa pointi 5, kisha yote inapanda vilevile. Kinachodumu ni kile cha asili. Breton anapunguza uchawi wote unaompiga kwa asilimia 25, Nord anapunguza baridi kwa asilimia 50, Orc mara moja kwa siku anapiga maradufu na kuumia nusu kwa sekunde 60. High Elf anaanza na Magicka, yaani nguvu ya uchawi, 50 za ziada. Kwa mgeni, Breton au Orc atamsamehe makosa mengi.

Ukitoka Helgen, mji gemu inapoanzia, kabla ya kufika kijiji cha Riverwood, utapita mawe matatu kando ya njia. La Warrior, la Mage na la Thief: kila moja linafanya ujuzi wa kundi lake upande kwa kasi zaidi kwa asilimia 20. Chukua moja papo hapo. Unaweza kulibadilisha wakati wowote kwa kurudi.

Kila levo unaongeza 10 kwenye Health (uhai), Magicka au Stamina (pumzi), na unapata nyota moja ya kuweka kwenye ujuzi. Kwenye levo kumi za mwanzo weka Health angalau mara sita. Stamina inaongeza pia uzito wa kubeba kwa 5, lakini uzito si shida ya kufa nayo: unaanza na 300, na ukiacha kuokota kila upanga wa chuma utaona zinatosha. Nyota usizitawanye. Kuna ujuzi 18, na mwenye nyota mbili mbili kila mahali hana kitu. Chagua njia mbili za kupigana na moja ya kujikinga, basi.

Pango la kwanza la maana ni Bleak Falls Barrow, juu ya Riverwood. Nguzo tatu za mwanzo zinataka nyoka, nyoka, nyangumi. Jibu limechongwa palepale ukutani, na moja limeanguka chini. Mlango wa mwisho unataka alama tatu ambazo ziko kwenye kiganja cha kucha ya dhahabu uliyoipata njiani. Ifungue kwenye mizigo yako, uigeuze uione: dubu, nondo, bundi, kuanzia duara la nje. Ukielewa mlango huu umeielewa gemu nzima, kwa sababu majibu mengi yako mkononi mwako na yanasubiri utazame. Maiti wanaoamka humo, draugr, hawadhuriki kwa sumu na baridi inawaumiza nusu tu, kwa hiyo tumia moto au chuma.

Nchi, na namna ya kuitembea

Hapa ndipo Skyrim inaposhinda michezo mingi iliyokuja baada yake. Watengenezaji wameitumia milima kuficha na kufunua. Unapanda njia, kona inafungua bonde, upande wa pili wa bonde unaona mnara, na kati yako na mnara kuna kitu ambacho hukukitarajia. Aliyepanda zile kona Hamsini na Saba kutoka Chimala kwenda Matamba anaijua hali hiyo: kila kona Usangu unabadilika chini yako, na juu bado hujaona mwisho. Muziki wa Jeremy Soule unajua kunyamaza mahali hapo, na huo ni ustadi.

Ubaya ni kwamba gemu yenyewe inakupa kisu cha kuikata nchi hiyo. Ukishafika mahali, unaweza kufungua ramani na kuruka hapo tena papo hapo. Kwa saa ishirini za kwanza, acha. Tembea, au panda gari la farasi linalosimama nje ya miji mikubwa. Nauli ni dhahabu 20 kwenda miji mitano mikubwa, yaani Whiterun, Solitude, Windhelm, Riften na Markarth, na 50 kwenda ile minne midogo. Ukifika mji mkubwa kwa gari, toka kwa miguu. Mapango mengi mazuri hayana misheni inayokupeleka. Yanapatikana na anayepita tu.

Udhaifu unaoambatana na hili ni maelekezo. Mtu anakupa kazi bila kukuambia kitu kiko wapi, kwa kuwa mshale kwenye ramani unajua. Ukiuzima mshale unapotea, si kwa sababu huna akili, bali maelezo hayakuandikwa. Njia ya kati inafaa: tazama ramani kabla ya kuondoka, zima alama ya misheni kwenye orodha, tembea kwa milima na mito, na uiwashe tena ukiwa umekaribia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba dragoni hawaanzi kuzurura hadi utakapomwua yule wa kwanza kwenye mnara wa magharibi ya Whiterun. Ukitaka kuzunguka kwa amani, chelewesha misheni hiyo. Mara wakianza, wanashuka hata kwenye vijiji, na wanakijiji wa kawaida hukimbilia kupigana na kufa, pamoja na wenye maduka. Hasara ya kuchelewesha ni kwamba huwezi kutumia Shouts, zile sauti za nguvu za mhusika wako, mpaka uimalize.

Majitu yenye kambi za moto na tembo wenye manyoya, yaacheni mpaka mfike levo ya 15 au zaidi. Pigo moja linakurusha angani.

Mahali hesabu zinapovunjika

Levo yako inapanda kwa ujuzi wowote unaopanda, uwe upanga au umahiri wa kuuza vitu. Na maadui wengi wanapimwa kwa levo yako. Mapango yanajipima siku unayoingia mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu aliyekaa Whiterun akitengeneza visu mpaka levo ya 20, halafu akatoka na upanga wa ujuzi wa 18, atakuta majambazi waliopimwa kwa levo yake wanaomsaga. Hilo ni kosa la kwanza, la kuwa dhaifu kupita kiasi.

La pili ni kinyume chake, na ndilo linaloua gemu. Kuna kazi tatu za mikono: uhunzi, kuchanganya dawa, na kutia uchawi kwenye silaha. Kila moja peke yake ni nzuri. Zikiunganishwa zinazunguka: dawa inaongeza nguvu ya kutia uchawi, uchawi kwenye nguo unaongeza nguvu ya dawa na uhunzi, dawa mpya inaongeza zaidi, na kuendelea. Baada ya mizunguko michache una upanga unaoua dragoni kwa mapigo mawili na mavazi yanayofikia kikomo cha kinga. Kikomo hicho ni asilimia 80 ya pigo kuzuiwa, na kinafikiwa kwenye namba 567 ya Armor. Kila kinachozidi hapo hakikusaidii, kwa hiyo usipoteze nyota kukipita.

Kanuni inayofaa: chagua kazi mbili tu kati ya hizo tatu, iache ya tatu kabisa. Mhunzi mwenye dawa anapata silaha nzuri bila kuwa mungu. Mtu wa uchawi achukue dawa na kutia uchawi, maana bila ya pili atateseka. Sababu ni hii: uchawi wa Destruction, yaani wa kushambulia, hauongezeki ukali kadiri ujuzi unavyopanda, unapungua gharama tu. Moto wa levo ya 10 na wa levo ya 40 unaunguza kiasi kilekile mpaka ununue uchawi mwingine, huku maadui wakizidi kunenepa. Mchawi anaokolewa na mambo mawili. Nyota ya Impact inamfanya adui ayumbe kila unapompiga kwa mikono miwili. Na mavazi manne yenye asilimia 25 kila moja ya kupunguza gharama ya Destruction yanaifanya iwe sifuri. Hilo la pili linavunja gemu kwa namna yake. Mavazi mawili yanatosha.

Kunyemelea kwa upinde ni mtego mwingine. Mshale wa mafichoni unapiga mara mbili, na kwa nyota ya Deadly Aim mara tatu. Kisu kwa nyota ya Assassin's Blade kinapiga mara 15. Adui akipigwa mshale na akakosa kukuona, anatafuta kidogo, kisha anarudi kusimama palepale na mshale shingoni. Huu ni udhaifu wa akili ya maadui na hakuna mpangilio unaouondoa. Ndiyo maana wachezaji wengi, hata walioanza na shoka, huishia kuwa wapiga upinde wa gizani. Ukiona unaelekea huko na umeanza kuchoshwa, usiweke nyota yoyote kwenye Sneak.

Kiwango cha ugumu hakitibu haya. Kwenye Adept unapiga na kupigwa sawa. Expert, pigo lako ni robo tatu na lao ni moja na nusu. Master, lako ni nusu na lao mara mbili. Legendary, lako ni robo na lao mara tatu. Maadui hawawi werevu zaidi, wanakuwa wagumu tu, kama gunia linalohitaji mapigo mengi. Na kwa kuwa wasaidizi wako hawapunguziwi pigo lao, kwenye Legendary msaidizi kama Lydia anakuwa muuaji na wewe unakuwa mbeba mizigo wake. Anza Adept. Panda Expert ukiona pambano la kawaida linaisha kabla hujashtuka. Usivuke hapo kwenye mchezo wa kwanza.

Halafu kuna dawa za kunywa. Ukifungua mizigo, dunia inasimama, na unaweza kunywa chupa kumi na kula kabichi ishirini jambazi akiwa ameinua shoka. Jiwekee sheria: dawa mbili kwa pambano, chakula nje ya pambano.

Dawa, kwa mfano mmoja

Hii ni kazi bora ya mikono kwa anayeanza, kwa sababu haihitaji hela. Kila kiungo kina sifa nne zilizofichwa, na ukikila unaijua ya kwanza. Viungo viwili vikiwa na sifa moja inayofanana vinatoa dawa. Zikifanana mbili, dawa inakuwa na kazi mbili, inauzika zaidi, na ujuzi unapanda zaidi, maana unapanda kwa thamani ya dawa.

Mashamba ya karibu na Whiterun yana ngano, imeandikwa Wheat. Pembeni mwa njia kuna maua ya bluu, Blue Mountain Flower. Changanya ngano moja na ua moja: unapata dawa inayorudisha Health na wakati huohuo kuongeza ukubwa wake kwa muda. Hiyo ndiyo dawa yako ya kila siku mpaka levo ya 15. Ukiua jitu, chukua kidole chake, Giant's Toe, ukichanganye na ngano. Dawa hiyo ina bei kubwa sana kwa mtu wa levo ndogo, na chache tu zinamaliza hela yote ya mwenye duka. Hivyo uza moja moja katika miji tofauti, au hela yake iwe malipo ya kujifunza ujuzi. Mwalimu anakubali kukufundisha mara tano kwa kila levo. Usivune ngano kama trekta: viungo hamsini hamsini ndivyo vinavyokurudisha kwenye ule mzunguko.

Kwa uhunzi, acha visu. Zamani vilipandisha ujuzi haraka, ila tangu sasisho la 1.5 ujuzi unapanda kwa thamani ya kitu. Kambi ya majambazi ya Halted Stream, kaskazini ya Whiterun, ina kitabu cha uchawi kinachogeuza madini ya chuma kuwa fedha, na fedha kuwa dhahabu. Mawe mawili ya dhahabu yanatoa mche mmoja, na mche mmoja unatoa pete mbili.

Hadithi na Kiingereza chake

Hadithi kuu ni ya kawaida. Vyama ndivyo vinavyoangusha zaidi: unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold ukiwa umetumia uchawi mara chache tu, na hakuna anayekuuliza. Vita kati ya jeshi la Imperial na waasi wa Stormcloak vikiisha, nchi inabadilika bendera na machifu wachache, basi. Kwa hiyo usijiunge na kila chama kwa mtu mmoja. Chagua kimoja kinachomfaa, kingine kiache kwa mchezo wa pili. Dark Brotherhood, chama cha wauaji, na nyongeza ya Dragonborn ndizo zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi.

Gemu haina Kiswahili. Washa maandishi ya mazungumzo kwenye Settings, yote mawili, ya wanaoongea nawe na ya wanaopita. Mkiwa wawili gheto, mmoja ashike kibodi na mwingine asome vitabu na kufuatilia majina. Vitabu vya humo ni vingi, na vingine vinakupandisha ujuzi ukivifungua tu.

Modi: chache, na kwa utaratibu

Menyu ya asili ilitengenezwa kwa ajili ya padi ya konsoli kama PlayStation, na kwenye kompyuta ni mateso: orodha ndefu isiyo na safu, bila kuona bei na uzito wa vitu vyote kwa pamoja. Modi ya SkyUI, yaani marekebisho yaliyotengenezwa na wachezaji, inaitibu, lakini inahitaji SKSE, programu ndogo inayoziwezesha modi, nayo lazima ilingane na namba kamili ya toleo lako. Bofya faili la SkyrimSE.exe kulia, angalia Properties, sehemu ya Details, usome namba, kisha ndipo upakue. Kwenye Steam weka gemu isasishwe pale tu unapoifungua, halafu uifungue kwa skse64_loader.exe, si kwa kitufe cha Steam. Usipofanya hivyo, siku moja bando likiwa limewashwa gemu itajisasisha na SKSE itakataa kufunguka.

Ya pili ni Unofficial Skyrim Special Edition Patch, inayosahihisha kasoro nyingi za misheni. Nayo iangalie namba. Inaziba pia njia kadhaa za udanganyifu, ikiwemo ile ya dawa za Restoration zinazozidishana bila mwisho.

Sakinisha modi zote kabla ya kuanza mchezo. Usiondoe modi yenye hati za programu katikati ya sevu, maana hati zake zinabaki ndani ya faili zikitafuta vitu ambavyo havipo, na gemu itaanza kujifunga saa kumi baadaye bila wewe kujua sababu. Ukitaka kuiondoa, rudi kwenye sevu uliyoweka kabla ya kuiingiza. Kama haipo, anza mtu mpya.